Chuma cha Mwakio

Watu wa ajensi walinionya kabla sijabisha hodi. Walisema mzee wa Hayes, pembezoni mwa London, ni mgumu, ameshawachosha wahudumu wanne tangu Krismasi, na kwamba nisithubutu kubishana naye juu ya saa. Nikawaambia mimi ni Mtaita wa Mwatate, nimelelewa na nyanya mkali kuliko pilipili, kwa hiyo mzee mmoja anayeshinda kwenye kiti hanitishi. Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka wa 2003. Nilikuwa na hasira za kutosha mwaka ule, za baridi, za mabasi, za watu wanaokuita kwa jina la mhudumu aliyekutangulia, na sikuwa na nafasi ya hasira za mtu mwingine.

Jina lake lilikuwa Balwinder Singh. Kwetu watu wa vilemba kama chake tunawaita Makalasinga, na wenyewe hawakasiriki. Alizaliwa Makindu mwaka wa 1927, baba yake akiwa fundi wa reli, na yeye akawa stesheni masta kabla ya kutimiza miaka thelathini. Mwaka wa 1968 alikuja Uingereza na mke, watoto wawili na masanduku matatu, na hapa Hayes stesheni masta mzima akawa mpakia mizigo wa uwanja wa ndege kwa miaka ishirini na miwili. Hilo hakulilalamikia. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba ndege hazina ratiba ya kuaminika.

Nilipomkuta, mke alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wamehamia Kanada, na nyumba ilikuwa imebaki na mzee, moyo wake mbovu, na kiti kilichowekwa dirishani jikoni. Reli ya kwenda Paddington inapita nyuma ya bustani za mtaa ule. Kila treni ikipita aliangalia saa ya mkononi.

"Hii imechelewa dakika tatu," alikuwa akisema. "Mama, weka maji."

Chai yake ilikuwa inakwenda na treni. Ikichelewa treni, na chai inachelewa, na mimi nimesimama pale na birika kama mjinga.

Tena alikuwa na sheria ya ngazi. Nyumba zile za kushikana zina ngazi nyembamba, watu wawili hawapishani. Mzee alitundika pete ya waya kwenye msumari chini ya ngazi, na nyingine hakuna. Anayetaka kupanda aichukue, akishuka airudishe. Hata akiwa peke yake ndani, aliichukua na kupanda nayo, akishikilia ukuta kwa mkono mwingine. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilipanda bila pete, na akakataa kuoga mpaka niteremke, niichukue, nipande upya.

Lakini kilichoniudhi hasa ni dawa. Vibweta vya dawa zake alivihifadhi mwenyewe kwenye mtoto wa meza karibu na kiti. Alikuwa anakitoa kimoja, ananipa, halafu ananyoosha kidole.

"Soma."

Nasoma jina la dawa, nasoma saa, na yeye anarudia yote niliyosoma, neno kwa neno. Ndipo anameza. Kila siku, asubuhi na jioni. Mimi nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri. Nilidhani ananiona sijui kusoma, nikaumia moyo, nikawa namsomea kwa sauti ya juu kama mtangazaji ili jirani naye asikie.

Siku za Alhamisi alikuja rafiki yake, Mzee Chandrakant, aliyekuwa karani wa tiketi pale Voi enzi hizo. Hawa wazee wa reli wa Kihindi walikuwa na chama chao, na mwezi wa nane chama kilikuwa kifanye sherehe kubwa katika ukumbi wa Southall. Mzee Balwinder alikuwa anaandika kitabu kidogo cha kugawiwa siku hiyo: historia ya ile reli ya kutoka Voi kwenda Taveta, stesheni moja baada ya nyingine. Yeye anasema, Chandrakant anachapa kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Kilitakiwa kifike kiwanda cha uchapaji mwisho wa Aprili.

Kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamechoka, kazi ya kumsomea kurasa zilizochapwa ikaniangukia mimi. Hapo, lazima niseme kweli, nilianza kumpenda. Reli ile ni ya kwetu. Mimi nimezikuta nyasi zikiota katikati ya vyuma, lakini yeye aliijua ikiwa hai. Aliandika jinsi ilivyojengwa haraka wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza wakiwafuata Wajerumani, vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika wakilaza vyuma huku malaria ikiwapunguza. Aliandika Voi, ambako injini zilisimama kunywa maji. Aliandika Mwatate na marobota ya mkonge yaliyopangwa hadi darini. Bura, na wasichana wa misheni waliobeba masanduku ya bati yenye majina yao. Maktau, na makaburi ya askari wa Kihindi ambayo alikuwa akienda kuyapalilia siku za mapumziko. Taveta, na wamama wa ndizi wasiokubali kamwe kwamba mkungu una uzito. Nilikuwa nasoma huku machozi yananilenga, maana hakuna mtu London nzima aliyewahi kunitajia Bura bila mimi kuanza.

Kati ya Bura na Maktau kulikuwa na stesheni ndogo iitwayo Kishamari, ambayo huwezi kuiona kwenye ramani za siku hizi. Mzee alikuwa stesheni masta pale kwa miaka mitatu. Stesheni nyingine zote alizipa ukurasa mzima. Kishamari aliipa mstari mmoja: "Stesheni ndogo. Hakuna la kusimulia."

Nikamtania. "Mzee, miaka mitatu ulikuwa umelala?"

"Geuza ukurasa," akasema.

Ikafika asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimechelewa, basi limenifungia mlango, nimeingia ninahema. Mzee akatoa kibweta cha dawa akanipa, nami kabla hajasema soma nikaona ni kile cha jioni. Nikacheka, nikamrudishia.

"Ah, mzee, usinipe chuma cha Mwakio."

Mkono wake ukabaki hewani. Treni ikapita nyuma ya bustani na hakuangalia saa.

"Umesema nini?"

Nikamweleza, maana sikuona ubaya wowote. Kwetu mtu akikupa chumvi badala ya sukari, au akikuletea kiatu cha kushoto ulipotaka cha kulia, unamwambia asikupe chuma cha Mwakio. Ni msemo tu. Hata watoto wanausema shuleni mwalimu akigawa madaftari yasiyo yao.

"Mwakio ni nani?" akauliza.

"Mtu wa zamani wa reli. Wanasema hakujua kusoma. Akampa dereva chuma cha njia nyingine, treni ikaenda ikagonga troli, kile kigari cha kukagulia njia. Mzee, si unajua hizo habari? Ilikuwa reli yenu."

"Watoto," akasema. "Mpaka leo wanasema?"

"Mpaka leo."

Hakunywa dawa mpaka nilipombembeleza, na chai aliiacha ikapoa. Nilipokuwa namfunga vifungo vya shati aliweka kiganja kifuani, nikadhani ni moyo, nikataka kupiga simu kwa daktari. Akanishika mkono akasema si moyo.

Alinisimulia siku iliyofuata. Alikuwa amejiandaa, kilemba kimefungwa vizuri, kana kwamba anakwenda mbele ya hakimu. Alianza kwa kunieleza ile kazi, nami nitaieleza kama alivyonieleza.

Reli ya upande ule ina njia moja tu. Treni zikitoka pande mbili zitakutana uso kwa uso. Kwa hiyo kila kipande cha njia, kutoka stesheni hadi stesheni, kilikuwa na chuma chake kiitwacho tokeni, kinachotiwa kwenye kifuko chenye pete kubwa ya waya ili dereva akidake. Dereva haondoki bila tokeni ya kipande anachokwenda kuingia. Akifika anairudisha, stesheni masta anaifungia, anamtolea ya kipande kinachofuata. Tokeni ikiwa imetoka na mtu mmoja, mwingine haingii njia hiyo, hata awe gavana.

Mwakio alikuwa pointimani wa Kishamari: mtu wa bendera, taa na kupokeza pete. Asubuhi moja ya Desemba mwaka wa 1956 treni ya mizigo iliingia kutoka Bura. Tokeni ya kwenda Maktau haikuwapo stesheni, kwa sababu mkaguzi wa njia alikuwa ametoka nayo na troli, yeye na watu wake watatu. Treni ilitakiwa isubiri.

"Mimi nilikuwa na shughuli," mzee akasema. "Mwakio akaniletea pete ya Bura, aliyoipokea kwa dereva. Nilitakiwa kuifungia. Badala yake nikamrudishia ile ile. Nikamwambia peleka, waondoke."

"Naye akapeleka bila kujua kusoma," nikasema.

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Kusoma hakujua, lakini chuma alikijua kwa vidole. Cha Bura kilikuwa na pengo, cha Maktau hakina. Aliniambia, Bwana, hii ndiyo aliyokuja nayo. Nikamwambia, nani stesheni masta hapa? Peleka."

Dereva naye akaipokea bila kuitazama. Maili nne mbele wakakutana na troli kwenye kona. Watu wanne waliruka, mmoja akavunjika mguu, troli ikawa vyuma chakavu. Uchunguzi ulipofanywa, stesheni masta alisema aliweka tokeni sahihi mezani na pointimani akachukua nyingine. Wakubwa wakauliza kama pointimani anajua kusoma. Ikawa kesi imekwisha. Mwakio alifukuzwa kazi, na kwa kuwa alikuwa anakaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, alipewa siku tatu ahame na mke na mtoto mchanga.

"Alibeba kitanda kichwani," mzee akasema. "Mimi nilikuwa dirishani."

Nilikasirika, sitaficha. Jina la mtu yule nimelicheka maisha yangu yote. Nilimcheka tangu sijui kuandika jina langu mwenyewe, na kumbe aliyestahili kuchekwa alikuwa ananywa chai ya tangawizi Hayes, ninamchemshia mimi. Nikaviacha vikombe kwenye sinki, nikatia sahihi kitabu cha saa zangu za kazi, nikaondoka bila kuaga. Kwenye basi nilijiapiza kwamba nitaomba ajensi wanibadilishie. Ila usiku ule nilikumbuka zile dawa. Soma, halafu yeye anarudia. Sikuwa nimemwelewa. Asiyemwamini hakuwa mimi, alikuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake nikarudi.

"Utaandika," nikamwambia kabla sijavua koti.

"Nataka kuandika tangu nianze hiki kitabu. Kila nikifika Kishamari mdomo unajifunga. Mwezi wa nane sijui kama nitafika, daktari amenambia wazi. Kikichapwa hivi, basi nimedanganya mara mbili."

Alhamisi ilipofika, Mzee Chandrakant hakutaka kusikia. Aliinua vidole vyake viwili juu ya kompyuta, akavishusha mapajani.

"Fifty years, Balwinder bhai, ndugu yangu. Acha," akasema. "Kitabu ni cha kumbukumbu, si cha kutubu. Watu watakula samosa, watatazama picha, watakwenda nyumbani. Wajukuu zako watasoma hii. Unataka wakujue hivyo?"

"Wajukuu wa Mwakio wanamjuaje yeye?" mzee akauliza.

Chandrakant akaniangalia mimi kana kwamba nimeleta uchawi ndani ya nyumba. Alichapa, lakini alikuwa anapiga zile herufi kwa nguvu. Ukurasa ukatoka. Mzee akaniambia nisome, nami nikasoma: tarehe, treni, pete, maneno aliyoambiwa na Mwakio na jibu alilompa, uongo wa kwenye uchunguzi. Aliandika jina lake mwenyewe kamili, Balwinder Singh, na la Mwakio kamili, Mwakio wa Mwandoe. Ulikuwa ukurasa mzuri. Sehemu moja tu ilisema, "nikiwa nimeshughulika na jambo jingine," na mimi nikapita hapo bila kusimama.

"Karatasi haitoshi," nikasema nilipomaliza. "Watu wa Mwakio hawaji Southall kula samosa."

Nikampigia mjomba wangu Mwatate. Mjomba ni mtu wa kanisani, anawajua watu wote hadi mbuzi zao. Baada ya wiki mbili akapata: Mwakio alifariki mwaka wa 1989. Kabla ya hapo alifanya kazi katika shamba la mkonge mpaka mgongo ukampinda. Yule mtoto mchanga wa landhi alikuwa binti, Mkawasi, sasa mwalimu mstaafu, anaishi Bura. Mjomba angemkuta kwake Jumamosi na simu yake ya mkono.

Jumamosi ile mzee hakula. Mzee Chandrakant alikuja pia ingawa haikuwa Alhamisi, akakaa kwenye kompyuta bila kuiwasha, koti mwilini. Saa tano asubuhi, saa nane ya kwetu nyumbani, nilikwangua kadi ya simu, nikapiga namba zote zile ndefu, nikaweka spika. Mjomba akaitika, akampa Mwalimu Mkawasi. Nikamwamkia, nikamwambia nipo London, nipo na mzee mmoja aliyekuwa bwana stesheni wa Kishamari, ana maneno ya kumsomea.

Jogoo aliwika kule Bura, tukamsikia jikoni Hayes.

"Asome," Mkawasi akasema.

Mzee alikataa nimsomee. Aliishika karatasi karibu kabisa na uso na akaisoma mwenyewe, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha reli chenye amri nyingi na adabu kidogo, ila siku ile kilikuwa na adabu. Alipofika pale Mwakio aliposema, Bwana, hii ndiyo aliyokuja nayo, alirudi mwanzo wa mstari akausoma upya. Nilimwekea mkono begani, akaendelea hadi mwisho.

"Baba alijifunza kusoma baada ya hapo," Mkawasi akasema. Alizungumza kama mwalimu, bila haraka. "Akiwa na miaka thelathini na kitu. Alikaa darasani na watoto wadogo jioni akitoka kwenye mkonge, na watoto walikuwa wanamwimbia kile chuma. Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu hiyo. Alituambia kila siku kwamba alisema, na kwamba hakusikilizwa. Mimi mtoto wake, mzee, nilifika mahali sikumwamini."

Alianza kulia, na mimi nikalia. Mzee hakusema nisamehe. Aliniambia baadaye kwamba aliona si haki kumwomba mtu kitu akiwa analia.

"Soma tena," Mkawasi akasema. "Mama yuko hapa. Masikio yake ni mazito, mwanzo hakusikia vizuri. Ngoja nimpe simu."

Sote watatu tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mke wa Mwakio bado yu hai, yule aliyetoka landhi na mtoto mgongoni nyuma ya kitanda. Mzee aliifuta miwani kwa ncha ya shati. Akasoma tena kutoka mwanzo, kwa sauti ya juu ya kupigia kelele kwenye jukwaa la stesheni, kila neno peke yake.

Alipomaliza tukasikia pumzi za mtu mzima sana.

"Wewe ndiye bwana stesheni?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Umesema ulikuwa na jambo jingine," bibi akasema. "Jambo gani?"

Mzee akaiweka karatasi mezani. Mimi siku zote nilidhani ilikuwa simu ya upepo, au hesabu ya mabehewa, kazi fulani ya ofisini. Sikuwahi kumuuliza.

"Redio, mama," akasema. "Kulikuwa na mpira wa magongo Olimpiki, Melbourne. Fainali. Nilikuwa nasikiliza redio."

"Mpira."

"Ndiyo, mama."

Tukasikia bibi akivuta kiti, akakaa.

"Nani alishinda?"

"India," mzee akasema, na sasa machozi yalikuwa yanaingia ndevuni. "India na Pakistani. Bao moja kwa bila."

"Bao moja," bibi akarudia. "Haya. Na hilo liandike."

Akamrudishia binti yake simu, na binti akasema watazungumza siku nyingine, na mjomba akakata.

Mzee Chandrakant alikuwa ameshavua koti na kuwasha kompyuta. Alitafuta ukurasa wa Kishamari, akafuta yale maneno ya jambo jingine, akachapa kwa vidole vyake viwili, taratibu, mpaka mwisho wa sentensi. Nyuma ya bustani treni ya Paddington ikapita.

"Soma," mzee akamwambia rafiki yake.